Muulize Mzee wa Kata: mkopo wa asilimia 10, mbuzi wa sungusungu na kiwanja cha pembeni ya ziwa

Haya wasomaji wangu wa Kanda ya Ziwa, mwangaluka. Meseji za mwezi huu zimejaa mpaka simu inagoma, nimechagua zile ambazo najua zinawahusu na wengine wengi. Majina ya vijiji na mitaa kwenye malalamiko nimeyafuta mimi mwenyewe, msininunie, hapa tunatafuta njia ya kutoka kwenye shida, hatumchomi mtu. Na kwa wageni wa ukurasa huu, mimi nilikuwa mtendaji wa kata hadi nastaafu, kwaiyo nikiwasema watendaji nasema ndugu zangu.

SWALI: Hela ya asilimia 10 ipo au haipo?

*Shikamoo mzee. Sisi ni wamama watano tunafanya dagaa, tunanunua mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapofikia, tunaanika tunawauzia wanaopeleka soko la Kirumba. Tumesikia ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba imerudi. Tulienda tukaambiwa hela hakuna. Tukaenda tena tukaambiwa ipo ila kikundi kiwe na watu kumi. Tunatoka nje kijana mmoja anatuambia tumpe elfu hamsini atatujazia fomu na atajua pa kuipitisha. Mzee tunaomba ukweli, tumechoka nauli ya mtumbwi.* Mama Chanja, visiwani

Marahaba mwanangu. Ukweli ni kwamba hela ipo kisheria, ila ipo kwa mafungu, na hapo ndipo watu wanapopigwa chenga.

Iko hivi. Kila halmashauri nchini inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yaani yale inayokusanya yenyewe, ushuru wa samaki, ushuru wa mazao, leseni na kadhalika. Nne ni ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya watu wenye ulemavu. Zamani ilikuwa ni maelekezo tu, mkurugenzi akitaka anatoa asipotaka anakwambia bajeti imebana, lakini tangu 2018 imewekwa kwenye sheria, riba hairuhusiwi. Aprili 2023 serikali ikasimamisha kwa sababu hela zilikuwa hazirudi na Mkaguzi Mkuu alikuwa kila mwaka anaandika habari za vikundi hewa, vingine unakuta ni mtu mmoja na shemeji zake. 2024 ikarudi na utaratibu mpya. Kwaiyo aliyekwambia imerudi hajakudanganya.

Sasa kwanini unaambiwa hakuna? Kwa sababu halmashauri haina hela yote Julai mosi, mwaka wa bajeti unapoanza. Inakusanya ndo inatenga. Kwa halmashauri ya visiwani ambayo inategemea samaki, miezi ambayo ziwa limekataa hata mfuko wa mikopo unakuwa mwepesi. Kwaiyo ukienda usiulize "hela ipo?", hilo swali ni rahisi sana kulijibu kwa neno moja. Uliza hivi: robo hii zimetengwa shilingi ngapi kwa wanawake, maombi yanapokelewa mpaka tarehe ngapi, na kamati ya kata inakaa lini? Hapo hata afisa mwenye haraka atavuta kiti.

Habari ya watu kumi: hapana. Kikundi cha wanawake watano kinatosha. Ila watano wa kweli, mnaoishi hapo, wasio na ajira rasmi, na wanaojuana shida zao, maana mmoja akihama na hela wanne mnalipa. Anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, sio wa wilaya, huyo wa kata ndio mlango wenu. Yeye ndo anawasajili, anawaelekeza katiba ya kikundi iweje, mnafungua akaunti ya benki kwa jina la kikundi, mnaandika andiko la mradi. Maombi saivi yanaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta, na hapo ndipo yule kijana wa elfu hamsini alipopata biashara, maana watu wanaogopa kompyuta kuliko mamba. Afisa maendeleo analipwa mshahara kuwasaidia kujaza. Kama mna mtoto wa sekondari mwenye simu ya tachi naye anaweza kuwasaidia. Fomu haiuzwi. Kijana akiwafuata tena muulizeni jina lake kamili, alafu TAKUKURU wapo kwenye 113, kupiga ni bure.

Sasa hapa kwenye andiko nataka nikae kidogo, maana ndipo vikundi vingi vya dagaa vinapoanguka. Msiandike "tunaomba mtaji wa kuendeleza biashara". Kila mtu anaandika hivyo. Andikeni mnachofanya mnakijua: dagaa aliyeanikwa mchangani anauzwa bei ya chakula cha kuku, dagaa wa kwenye chanja, yaani kichanja cha kuanikia kilichoinuliwa juu, anauzwa bei ya binadamu, na ikinyesha mvua kabla hajakauka mnapata hasara yote. Kwaiyo mnataka chanja kadhaa, nyavu za kutandika, maturubai ya kufunikia, na hela ya kununulia mzigo wa kwanza. Wekeni bei ya kila kitu kama ilivyo sokoni kwenu. Kamati ikisoma inaona watu wanaojua kazi.

Na jambo moja ambalo sijaona kikundi kinaliomba na ni haki yenu kuliomba: ratiba ya marejesho ifuate giza, yaani siku ambazo usiku hauna mwezi. Maafisa wengi wametoka bara, hawajui kwamba mwezi ukiwaka dagaa havuliwi, taa ya mvuvi haina kazi, mwalo unalala. Sasa unakuta rejesho limewekwa katikati ya mbalamwezi, mama hana hata ndoo moja, anaenda kukopa kwa wale wa riba ya kila wiki ili alipe mkopo usio na riba! Hiyo ni hasara ambayo mtu ameitengeneza kwa kalamu. Mkae na afisa kabla ya kusaini mkataba, mumwambie rejesho liwe siku fulani baada ya giza, mwezi wa maji kuchafuka kiasi kiwe kidogo. Mkataba ukishasainiwa mtalia wenyewe. Na mbaki na nakala yake jamani, kila mmoja, sio mwenyekiti peke yake anaiweka chini ya godoro.

SWALI: Mbuzi wangu wawili wamekamatwa

*Mzee habari za kustaafu. Kijijini kwetu kuna msaragambo, ile kazi ya wote, wa kuchimba msingi wa darasa. Siku yenyewe mimi nilikuwa hospitali ya Bugando nauguza mtoto, nimerudi nakuta sungusungu wamechukua mbuzi wawili, wanasema faini ni elfu ishirini kila mbuzi na nikichelewa wanachinja. Nikaomba risiti wakacheka. Mbuzi mmoja ana mimba. Nifanyeje?* Baba Kulwa na Doto

Pole na mtoto kwanza, na pole na mbuzi.

Kwenye hili nitasema pande zote. Sungusungu sio wahuni. Walianza huku huku Usukuma miaka ya themanini mwanzoni wakati wizi wa ng'ombe umekuwa kama ajira, polisi wako mbali, watu wakajipanga wenyewe, na baadae mwaka 1989 serikali ikawatambua kisheria. Wazee wengi wana ng'ombe leo kwa sababu ya sungusungu. Ila kulinda ni kitu kimoja, kukusanya faini ni kitu kingine kabisa.

Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo, ikiwemo ya kushiriki kazi za maendeleo na faini kwa asiyeshiriki. Lakini sheria ndogo ina safari yake: halmashauri ya kijiji inaiandaa, wananchi wanaitwa kwenye mkutano mkuu wanatoa maoni, alafu inapelekwa halmashauri ya wilaya inaidhinishwa. Isipopita huko bado ni mazungumzo tu ya watu chini ya mwembe. Sasa wewe unaenda ofisi ya kijiji, kwa mtendaji, sio kwa kamanda wa sungusungu. Usiende na hasira wala usiende na panga bana. Nenda na karatasi ya Bugando inayoonyesha tarehe, na uombe vitu vitatu: uonyeshwe sheria ndogo yenye muhuri wa wilaya, uonyeshwe inasemaje kuhusu mgonjwa na anayeuguza, na kama kuna faini ya halali basi uandikiwe stakabadhi ya serikali. Kwa uzoefu wangu kwenye hicho cha kwanza tu mazungumzo yanabadilika, mbuzi wanafunguliwa kamba.

Kama mtendaji wa kijiji anakuzungusha, siku hiyo hiyo panda kwa mtendaji wa kata, usisubiri Jumatatu, mbuzi hajui ratiba za ofisi. Wakishawachinja au kuwauza, hilo sio la msaragambo tena, ni la polisi, unaripoti mali yako imechukuliwa unapewa RB, ile namba ya taarifa yako. Kuuza mali ya mtu ili kufidia deni au faini ni kazi ya mahakama, sio ya kijiji.

Ila na wewe baada ya hapo nenda kachimbe huo msingi siku nyingine, na uhakikishe unaandikwa kwenye daftari. Darasa ni la Kulwa na Doto.

MAJIBU YA HARAKA

*Mzee, mimi ni mpangaji Misungwi, kila mwanzo wa mwezi nikinunua umeme wananikata hela, wenzangu wanasema ni kodi ya nyumba. Nyumba sio yangu!*

Ni kweli, ni kodi ya jengo, tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza na 1,000 kwa mwezi, 2023 ikawa 1,500, na usiponunua umeme miezi kadhaa inakusubiri inakatwa yote kwa mkupuo. Deni ni la mwenye nyumba, wewe umekuwa kama njia ya kupitishia. Tunza meseji za LUKU, mwisho wa mwaka ni 18,000, mkae chini aipunguze kwenye pango. Na mwenye nyumba mwenyewe kama ana miaka 60 au zaidi na anaishi humo, aende na kitambulisho halmashauri aulizie msamaha, wazee wengi wanalipa bila kujua.

*Barua ya utambulisho wa kufungulia akaunti, mtaani kwetu ni elfu tano, wengine wanasema bure.*

Bure. Ukiambiwa ni hela ya karatasi, nenda na karatasi yako. Kama ipo ada halali ya jambo lolote ofisini utapewa kontroo namba ulipe kwa simu au benki, hela ya mkononi isiyo na kontroo namba wala risiti ya mashine ni ya kwake.

*Bomba la kijiji limekauka, huu ni mwezi wa pili, na hela ya ndoo tunatoa.*

Kama ni mjini Mwanza na pembezoni, hao ni MWAUWASA. Kama ni kijijini ni RUWASA, iliundwa kwa sheria ya 2019, iko kila wilaya, na chini yake kuna chombo cha watumia maji hapo hapo kijijini kwenu, wale mnaowaita kamati ya maji. Hao wa kijijini wanatakiwa kuwasomea mapato na matumizi. Muulizeni kwanza fundi kama pampu imekufa au ni deni la umeme, maana nusu ya pampu ninazozijua huku "zilizokufa" zilikuwa nzima, umeme ndo haukulipwa.

*Barabara yetu imekatika, diwani anasema sio kazi yake.*

Kuitengeneza kweli sio kazi yake, kuipigia kelele ni yake. Za mitaa na vijijini ni TARURA tangu 2017, barabara kuu na za mkoa ni TANROADS. Piga picha palipokatika, andika jina la barabara na kata, peleka TARURA ya wilaya, na nakala umpe diwani ili asipate pa kujificha.

*Bibi yangu ana miaka 74, kila akienda zahanati analipa.*

Mzee wa 60 na kuendelea asiyejiweza anatibiwa bure kwa sera ya serikali, sawa na mjamzito na mtoto chini ya miaka mitano. Tatizo anaenda mikono mitupu. Mtendaji na afisa ustawi wa jamii ndo wanaoratibu vitambulisho vya wazee vya matibabu, mpeleke akaandikwe, na akifika zahanati apitie dirisha la wazee. Dawa zikiwa hamna hapo sasa ni kilio kingine, sitakudanganya.

SWALI: Kiwanja cha pembeni ya ziwa na asilimia 10 ya mwenyekiti

*Mzee shikamoo. Mimi na mume wangu ni walimu, tumepata kiwanja upande wa Ilemela, kinatazama ziwa kabisa, upepo wake we acha tu. Muuzaji ni mzee wa hapo. Mwenyekiti wa mtaa anasema lazima apitishe yeye na tumpe asilimia 10 ya bei ndo agonge muhuri. Pia jirani ametuambia hapo ni ndani ya mita sitini. Mita sitini ya nini?* Mwalimu wa Hesabu

Marahaba mwalimu. Umeuliza mambo mawili naona na la tatu hujaliuliza, nitajibu yote.

Asilimia 10 ya mwenyekiti haipo kwenye sheria yoyote. Hakuna. Imezoeleka mpaka watu wanaiweka kwenye bajeti ya kununua kiwanja, wengine wanaiita ya ofisi, wengine ya maendeleo ya mtaa, ila viongozi wa serikali wameshaikemea mara nyingi tu. Nadhani inachanganywa na kitu kingine cha kweli, kodi ya ongezeko la mtaji: mtu akiuza ardhi kwa faida TRA wanachukua asilimia 10 ya ile faida, faida sio bei yote, na anayelipa ni muuzaji, tena inalipwa TRA. Sasa ukisikia "asilimia kumi" unaona kama ni ile ile kumbe hii nyingine inaishia mfukoni. Mwenyekiti anaweza kuwa shahidi mzuri kwa sababu anawajua majirani na historia ya pale, hata soda mnunulie kwa moyo wenu. Umiliki hautoi yeye.

Mita sitini ndo jambo zito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto, bwawa. Nyumba ya kuishi ni shughuli ya kudumu, hakuna namna ya kuipinda. Na huo ukingo wenyewe, mwalimu, hautulii. Wote tuliokuwepo tunakumbuka 2020 ziwa lilipanda likaingia kwenye migahawa, kwenye mashamba, watu wa mialoni wakahama, na 2024 likarudia tena likapita hata pale. Mtu alikuwa na mita zake sabini za uhakika akaamka anasikia mawimbi dirishani. Kwaiyo mimi ningekuwa nyie hata kama futi kamba inasema sitini na tano ningesogea. Upepo wa ziwa unafika mpaka mlimani, Mwanza ina mawe ya kutosha ya kukalia na kuliangalia.

Namna ya kujua: msipime wenyewe kwa hatua. Nendeni idara ya ardhi na mipango miji ya halmashauri, na namba ya kiwanja kama ipo, au na mchoro wa eneo. Ulizeni eneo limepimwa? kwenye ramani ya mipango miji limeandikwa ni la nini? Inaweza kuwa limewekwa kuwa eneo la wazi au la hifadhi ya ziwa, na muuzaji mzee wa watu hajui, babu yake alilima viazi pale. Kama kina hati mfanye sachi, yaani mpekue kumbukumbu, ofisi ya ardhi muone jina la mmiliki ni nani na kama kina mkopo wa benki. Kwa mambo ya ukingo wenyewe, NEMC, wale wa mazingira, wana ofisi ya kanda hapo Mwanza, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria nao wako hapo hapo mjini. Ni nauli ya daladala tu, wakati watu wanapoteza milioni.

La tatu ambalo hujauliza: huyo mzee ana mke? Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, na mashamba ya kifamilia huku kwetu yana wake, watoto wa nyumba kubwa, wa nyumba ndogo, na mjomba ambaye yuko Kahama atatokea siku mnaweka lenta. Mke asaini, watoto wakubwa wawe mashahidi, mkataba mfanyie kwa wakili, sio kwenye kurasa ya daftari la kaunta buku. Na mgogoro ukitokea mjue kabisa, tangu mabadiliko ya 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu ya ardhi kama zamani. Likishindwa kuwapatanisha mnaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kama ingekuwa kijijini, ningewaambia kingine: huko ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji nzima, sio mwenyekiti peke yake na muhuri wake, na mnaomba muhtasari wa kikao kilichoridhia.

SWALI: Mtoto hana cheti cha kuzaliwa

*Naitwa mama Neema, nipo Magu. Mtoto ana miaka minane, alizaliwa nyumbani kwa mkunga, baba yake hatujui alipo. Mdogo wake ana miaka miwili. Naweza kuwapatia vyeti bila baba?*

Unaweza, mama, na nenda wiki hii hii kwa ajili ya yule mdogo. Watoto chini ya miaka mitano wanasajiliwa na kupewa cheti bure kwenye zahanati na ofisi ya mtendaji kata, na mkoa wetu wa Mwanza ni kati ya ya kwanza kabisa kuingizwa kwenye huo mpango, mwaka 2014. Beba kadi ya kliniki. Unaondoka na cheti chako siku hiyo hiyo kama mtandao wa simu haujalala, na akishapita miaka mitano hiyo njia ya bure ndo imefungwa hivyo.

Wa miaka minane anapitia RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kwa wilaya huduma yao iko ofisi ya mkuu wa wilaya, kwa katibu tawala, au unaomba kwa mtandao. Kuna ada, na utatakiwa vielelezo: kadi ya kliniki kama ilikuwepo, cheti cha ubatizo, barua ya mtendaji, na kitambulisho chako. Ulipojifungulia nyumbani muombe yule mkunga na balozi wathibitishe kwa mtendaji. Kuhusu baba, mama anamsajili mwanae peke yake, sio dhambi wala kosa. Usiweke jina la mjomba kwenye nafasi ya baba ili "kujaza tu", siku mtoto anaomba NIDA au pasipoti majina yakikataa kufanana utazunguka kama pia.

SWALI: Hela ya mwalo inaenda wapi?

*Mzee wa Kata, sisi vijana wa mwaloni, halmashauri za Sengerema na Buchosa tupo mchanganyiko. Kila siku mitumbwi inalipa, gari la samaki linalipa, mama lishe analipa. Choo cha mwalo kimebomoka, taa hakuna. Mwaka wa pili huu mkutano wa kijiji haujaitishwa. Tukiuliza tunaambiwa sisi ni wavuvi wa kupita. Tuna haki?*

Mnayo. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea, sheria haijasema mkazi mwenye shamba au mkazi mwenye ng'ombe. Kama unalala hapo, unakula hapo na umeandikwa kwenye daftari la wakazi wewe ni mwana kijiji. Kama hujaandikwa basi kaandikwe kabla ya kuuliza chochote, wasikutoe kwa hilo.

Ila kabla hamjaanza kelele mjue mnauliza hela gani, maana mwaloni kuna mifuko mitatu na kila mtu anaisema kama mmoja. Kuna ushuru wa halmashauri ya wilaya, huu unakatwa kwa mashine ya POS na risiti inatoka, hauko mikononi mwa kijiji kabisa, anayeujibu ni mkurugenzi na diwani wenu ndo anakaa kwenye baraza lake. Kuna hela ya BMU, wale wa ulinzi wa rasilimali za uvuvi, wanajibu kwa wanachama wao na kwa afisa uvuvi. Na kuna michango ya kijiji chenyewe. Mkienda kwa mwenyekiti wa kijiji mnamuuliza ushuru wa POS atawaambia kwa haki kabisa kwamba haujui, alafu mtarudi mnasema amekula. Wiki moja tu kusanyeni risiti zote mlizopewa muone zimeandikwa jina la nani. Zile hela ambazo hazina risiti kabisa ziandikeni pembeni, siku, kiasi, na aliyepokea.

Mkutano mkuu unatakiwa kila baada ya miezi mitatu, na humo ndo mapato na matumizi yanasomwa, na yanatakiwa kubandikwa ubaoni. Miaka miwili bila mkutano sio uzembe mdogo. Wenyeviti wa sasa walichaguliwa Novemba 27, 2024, kwa miaka mitano, hao mabosi wao ni nyie kwenye mkutano. Mtendaji wa kijiji sio wa kuchaguliwa, ameajiriwa na halmashauri, bosi wake ni mkurugenzi. Kwaiyo mkisema "uongozi" andikeni ni yupi, barua isiyojua inamlaumu nani inazunguka meza zote na kurudi ilipotoka.

Na iwe barua kweli, meseji za WhatsApp kwa mtendaji anafuta tu. Mimi nikiwa ofisini barua yenye majina ishirini na sahihi ilikuwa inaninyima usingizi kuliko kijana mmoja anayepiga kelele kwenye bodaboda. Nakilini hii, mjaze penye nukta:

*Kwa Mtendaji wa Kijiji cha ........*
*YAH: OMBI LA KUITISHWA MKUTANO MKUU WA KIJIJI*
*Sisi wakazi wa kijiji hiki tuliosaini hapa chini tunaomba mkutano mkuu wa kijiji uitishwe ndani ya siku 14, na ajenda ziwe: 1. Kusomewa mapato na matumizi ya kijiji tangu mkutano wa mwisho wa tarehe ........ 2. Michango inayokusanywa mwaloni, nani anakusanya na kwa kibali gani. 3. Choo na taa za mwalo. Mkutano wa mwisho ukiwa umepita zaidi ya miezi mitatu, tunaomba tujibiwe kwa maandishi.*
*Nakala: Mtendaji wa Kata, Mheshimiwa Diwani, Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya.*

Pigeni kopi ya ziada, igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, hiyo ndo mtakayobaki nayo. Siku 14 zikipita kimya mnaibeba hiyo hiyo yenye muhuri kwa mtendaji wa kata, na akiwa kimya naye mnaenda kwa mkurugenzi, na kwa mkuu wa wilaya siku anayosikiliza kero, siku yenyewe huwa imebandikwa pale mlangoni kwake.